KAWIA UFIKE: SOMO LA HUDAYBIYA KWA MWANAFUNZI ALIYECHELEWESHWA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, anayejua yaliyopita na yajayo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Mwisho.



Ama baada ya hayo, katika toleo la mwaka huu tumeonelea tuzungumze juu ya jambo moja ambalo kwa muda mrefu limekuwa likituuma sisi walimu. Jambo lenyewe ni hali ya wanafunzi wetu wanaomaliza madrasa wakiwa na nia njema ya kuendelea na elimu ya dini, kisha njia waliyoitarajia ikafungwa au ikapinda, nao wakadhani kuwa Mwenyezi Mungu amewakataa.

Yupo kijana wetu mmoja, jina lake tunalihifadhi. Alikuja madrasa akiwa hajui alifu wala bee. Akakaa nasi miaka tisa mpaka akahifadhi Qur'ani yote. Siku ya khitma yake uwanja ulijaa watu. Mama yake alilia kwa furaha, na sisi walimu kwa bashasha tuliyokuwa nayo tukashika kipaza sauti tukawatangazia watu kwamba kijana huyu mwakani yuko Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Takbiri zikapigwa. Maombi yakapelekwa, vyeti vikatafsiriwa na kugongwa mihuri. Mwaka ukapita, majibu hayakuja. Mwaka wa pili baba yake akapata kiharusi, na yeye ndiye mtoto mkubwa. Leo anauza vipuri vya pikipiki katika duka la mjomba wake.

Kuuza vipuri hakutusikitishi hata kidogo, kwani chumo la halali ni heshima, na kumlea mzazi mgonjwa ni ibada kubwa. Linalotusikitisha ni kwamba akienda msikitini hapiti tena mbele ya madrasa. Anazunguka kichochoro cha nyuma ili tusionane. Tumeambiwa pia kuwa ameacha kurudia Qur'ani yake, na alipoulizwa na mwenzake alijibu kuwa kama ingelikuwa Mungu anamtaka katika kazi hiyo, angemfungulia njia.

Rai yetu ni kwamba maneno hayo si sahihi, na kwamba sisi wakubwa tuna sehemu yetu katika kumfikisha kijana huyo hapo. Kuthibitisha hayo tunamwomba yeye, na kila aliye mfano wake, arudi nasi katika mwaka wa 6 Hijria.

Safari iliyoishia njiani

Katika mwezi wa Dhul-Qaada wa mwaka huo, sawa na mwaka 628 Miladia, Mtume (S.A.W.) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400 kwenda Makka kufanya Umra. Hawakutoka kwa vita. Walivaa ihram, wakachukua wanyama wa kuchinja, na silaha zao zilikuwa ni zile za msafiri, panga zikiwa alani. Kilichowatoa ni ndoto ya kweli aliyoonyeshwa Mtume (S.A.W.), kwamba wataingia Msikiti Mtukufu kwa amani, wakiwa wamenyoa na kupunguza nywele zao. Ndoto ya Mtume ni wahyi. Kwa hiyo hapakuwa na shaka yoyote katika nyoyo zao. Muhajirina walikuwa na miaka sita hawajauona mji waliozaliwa.

Walipofika Hudaybiya, si mbali na Makka, ngamia wa Mtume (S.A.W.), Al-Qaswa, akapiga magoti akakataa kwenda. Watu wakasema amekuwa mkaidi. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa huyo si tabia yake ukaidi, bali amezuiliwa na Yule aliyemzuia tembo wa Abraha asiingie Makka. Maquraysh nao wakatoka kuzuia njia. Wajumbe wakaenda na kurudi, na mwisho ukaandikwa mkataba na Suhayl bin Amr kwa niaba ya Maquraysh.

Masharti yake, kwa kuyatazama juu juu, yalikuwa machungu. Waislamu warudi mwaka huo bila ya kuiona Al-Kaaba, na waje mwaka ujao kwa siku tatu tu. Vita visimame miaka 10. Na mtu wa Makka atakayekimbilia kwa Waislamu bila ya idhini ya walii wake arudishwe, hali Mwislamu atakayekwenda kwa Maquraysh hatarudishwa. Hata maneno ya kuwa Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu Suhayl aliyakataa yasiandikwe, yakaandikwa jina lake na la baba yake tu.

Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mtoto wa huyo huyo Suhayl, akijikokota na minyororo miguuni. Alikuwa amesilimu na baba yake amemfunga. Akajitupa mbele ya Waislamu akitaka kuokolewa. Akarudishwa. Mtume (S.A.W.) akamtaka asubiri na atarajie malipo, kwani Mwenyezi Mungu atamfanyia yeye na wanyonge wenzake faraja na njia ya kutokea. Hakumwambia ni lini.

Hebu tujiulize, nani katika sisi angeweza kuvumilia siku hiyo?

Swali la Sayyidna Umar

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) hakuweza kunyamaza. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama si yeye aliyewaambia kuwa wataiendea Nyumba na kuizunguka. Mtume (S.A.W.) akakiri kuwa ndiyo, kisha akamuuliza Umar, je, alimwambia kuwa ni mwaka huu? Umar akajibu kuwa la. Basi Mtume (S.A.W.) akamhakikishia kuwa ataifika na ataizunguka.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye somo letu. Ahadi ilikuwa kweli tupu. Kilichokosewa ni tarehe, na tarehe hiyo hakuiweka Mwenyezi Mungu. Waliiweka wao wenyewe kwa shauku yao. Na sisi ndivyo tulivyomfanyia kijana wetu siku ya khitma. Kuitumikia Qur'ani ni jambo jema alilohimizwa kila Mwislamu. Lakini nani alituambia kuwa ni mwakani, na kuwa ni Madina? Tulikisia, tukakitangaza kisio chetu kwa kipaza sauti, na kisio kilipokosea kijana akaona kuwa ni Mola wake aliyevunja ahadi. Hali katika Suratul Kahf tumefunzwa tusilisemee jambo la kesho ila tuliunganishe na kupenda kwake Mwenyezi Mungu, na sisi wenyewe ndio tunaowasomesha watoto aya hiyo.

Inapokelewa kuwa Umar (R.A.) baadaye aliishi akifunga, akisali, akitoa sadaka na kuacha huru watumwa kwa kuogopa maneno aliyoyasema siku hiyo. Wala hakuiacha safu kwa sababu aliuliza. Basi nawe kijana uliyesema ulilolisema kwa uchungu, mlango haujafungwa. Toba ipo, na safu yako ipo.

Rai ya Bibi Ummu Salama

Mkataba ulipokwisha, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Masahaba wachinje na wanyoe. Kwa huzuni waliyokuwa nayo hakuinuka hata mmoja, na aliwaamrisha mara tatu. Akaingia hemani kwa mkewe, Bibi Ummu Salama (R.A.), akamweleza yaliyomkuta. Bibi huyu mwenye akili akamshauri atoke, asiseme na mtu, amchinje mnyama wake na amwite kinyozi wake amnyoe. Mtume (S.A.W.) akafanya hivyo. Watu walipoona, wote wakainuka wakachinja, wakanyoana wao kwa wao, ingawa kwa majonzi waliyokuwa nayo ilikuwa kama watauana.

Tuzingatie ushauri huo. Bibi Ummu Salama hakuwahutubia watu juu ya hekima ya mkataba, wala hakuwataka wafurahi. Alitazama wajibu uliokuwa mbele yao saa ile, nao ni kuchinja na kunyoa, akasema na uanze kutendwa. Na huu ndio ufahamu wa kutegemea wakati wa Mwenyezi Mungu. Si kukaa kibarazani na kusema Mungu akipenda huku mikono imekunjwa. Huo ni uvivu uliovishwa kanzu. Wala si kukimbilia njia za mkato, kama wale wanaowapa madalali wa safari akiba za wazee wao kwa ahadi zisizo na mguu wala kichwa. Ni kuutazama wajibu wa leo na kuutekeleza, hata kama moyo bado unauma.

Walirudi na nini?

Wakiwa njiani kurudi Madina ndipo iliposhuka Suratul Fat-h, na Mwenyezi Mungu akaiita safari hiyo ushindi ulio wazi. Tunamwomba msomaji asimame hapo kidogo. Makka haijafunguliwa, Umra haijafanywa, Abu Jandal yuko kifungoni, na bado ni ushindi.

Matunda yakaanza kuonekana moja moja. Vita viliposimama watu walichanganyika, wakazungumza, wakausikia Uislamu bila ya upanga kuwa kati yao. Mtume (S.A.W.) akapata nafasi ya kuwapelekea barua wafalme wa nchi za mbali. Mwaka wa 7 Hijria Khaybar ikafunguliwa, na katika Dhul-Qaada ya mwaka huo huo Waislamu wakaingia Makka wakafanya Umra yao, kama walivyoahidiwa. Khalid bin Walid na Amr bin Al-As, waliokuwa maadui wakubwa, wakaja Madina kwa miguu yao wakasilimu. Na katika Ramadhani ya mwaka wa 8, Mtume (S.A.W.) aliingia Makka na watu 10,000. Waliozuiliwa Hudaybiya walikuwa 1,400. Baina ya safari hizo mbili haikupita hata miaka miwili kamili.

Na Abu Jandal je? Mwislamu mwengine, Abu Basir, aliwatoroka Maquraysh akapiga kambi kando ya bahari, kwenye njia ya misafara yao ya biashara. Abu Jandal naye akatoroka akamfuata, na wengine wakazidi. Misafara ya Maquraysh ikawa haina salama, mpaka wao wenyewe wakamwomba Mtume (S.A.W.) awachukue watu hao. Sharti lile lililowaliza Waislamu likafutwa kwa maombi ya waliolitunga.

Mfano wa karibu yetu

Pengine msomaji atasema hayo ni ya Masahaba. Basi tutazame mwambao wetu huu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Zanzibar mwaka 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli, mtunzi wa vitabu, kisha Kadhi wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo ya visiwani yalibadilika, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akahamia Kenya, umri wake umeshapita miaka 50. Kwa macho yetu, mtu kuhama katika umri huo akaacha mji wake na darsa zake ni mwisho wa kazi. Lakini huko alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwaka 1969 tafsiri yake, Qurani Takatifu, ikachapishwa Nairobi na Islamic Foundation. Alifariki Oman mwaka 1982. Leo tafsiri hiyo imo katika makabati ya misikiti na madrasa nyingi za Afrika Mashariki, na watu ambao hawakupata kumwona wanasoma kwake. Hatudai kuijua hekima yote ya safari yake. Tunasema tu kwamba njia ilipinda, naye hakuiweka chini kalamu.

Na kama nafasi haiji kabisa?

Hili ni swali la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Kuna wanaosubiri na wakafa kabla ya kuyaona waliyoyasubiri. Sayyidna Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alihama Makka kijana, akakaa Uhabeshi miaka mingi mbali na Mtume (S.A.W.), akarejea wakati wa Khaybar, kisha akauawa shahidi Mu'ta katika mwaka wa 8, miezi michache tu kabla ya Makka kufunguliwa. Siku Bilal (R.A.) alipoadhini juu ya Al-Kaaba, Jaafar hakuwepo. Je, alikosa? Alisimama mbele ya mfalme Najashi akausemea Uislamu pale palipokuwa hapana mwengine wa kuusemea. Kazi yake ilikuwa kule, na aliimaliza.

Kwa hiyo hatumwambii kijana wetu kuwa asubiri kidogo na Madina itakuja. Tukisema hivyo tutarudia kosa lile lile la kupanga tarehe. Tunachomwambia ni kuwa Qur'ani iliyo kifuani mwake ni amana sasa hivi, dukani kwa mjomba, nafasi ije isije.

Nasaha zetu

Kwa wanafunzi waliocheleweshwa: Hifadhini mlichopewa. Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa Qur'ani hutoroka haraka kuliko ngamia aliyefungwa kamba. Msahafu uliochapishwa Madina una kurasa 604, na juzuu moja ni kama kurasa 20. Anayesoma kurasa 4 kwa kila sala ya faradhi hupitia juzuu nzima kwa siku, na khitma nzima kwa mwezi. Hilo halihitaji ufadhili wala pasi ya kusafiria, na muuza duka analiweza. Na nyinyi mabinti zetu, mliosimama juzuu ya 10 au ya 15 kwa kuuguza mama au kwa kuolewa, msijihesabu kuwa mmetolewa. Siku ile ya Hudaybiya aliyewatoa wanaume katika mkwamo alikuwa mwanamke aliyekuwa hemani.

Kwa wazazi: Msiwahesabie watoto miaka. Maneno kama mtoto wa fulani yuko Misri, wewe uko hapa hapa, huvunja moyo kuliko kunyimwa nafasi yenyewe. Mtoto anayekulisha kwa jasho lake na huku anajua kitabu cha Mola wake, mwombee dua, usimwombolezee.

Kwa sisi walimu: Tumeazimia, Inshaallah, kuwa siku za khitma hatutatangaza tena nani anakwenda wapi. Tutatangaza alichohifadhi na tutamwombea thabati, basi. Na kila anayemaliza akabaki mjini tutamtafutia kazi hapa hapa madrasa, hata kama ni ya saa moja kwa siku, ili asijione kuwa ametupwa nje ya safu.

Wahenga wetu walisema kawia ufike. Hawakusema kawia ulale. Mwenye kukawia ni yule ambaye bado yuko njiani.

Nawe kijana wetu, tunajua kuwa gazeti hili litakufikia, kwani mdogo wako yumo katika darasa la pili na tumempa nakala mbili. Kikundi cha watoto wa Juzuu Amma hakina msaidizi baada ya Alasiri, na mwalimu wao peke yake hawawezi wote. Siku ambazo mjomba wako anakaa dukani mwenyewe, njoo. Baba yako tunamwombea katika kila sala ya Ijumaa. Usizunguke kichochoro cha nyuma, pitia mlango wa mbele.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awathibitishe vijana wetu, atupe subira bila ya uvivu na juhudi bila ya pupa, na atujaalie kuridhika na wakati wake kama tunavyoridhika na neema zake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.